Mishale ya Saa ya Mzee Hoza

Wapendwa, mahindi yenu nayaona pale mlangoni, na mikungu ya ndizi, na yule jogoo wa Mzee Kihiyo ambaye tangu asubuhi anataka kuhubiri badala yangu. Tutafika huko. Mavuno hayakimbii. Kwanza niazimeni masikio kidogo, nina mfano.

Kulikuwa na fundi mmoja wa saa, Tanga mjini, pale Ngamiani. Jina lake Eliezeri Mhina. Kazi alifundishwa na baba yake, Stefano, na baba alipofariki Eliezeri akabaki na meza ile ile, kiti kile kile na zile koleo ndogo kama za kutolea mwiba. Sasa mtaniuliza, mchungaji, siku hizi watu wanatazama saa kwenye simu, fundi huyo alikula nini? Alikula, tena alishiba, kwa sababu alikuwa na ujuzi ambao wenzake hawakuwa nao. Alijua kupima saa za zamani za wazamiaji.

Wazamiaji mnawajua? Ni wale wanaume wa bandarini wanaovaa mtungi wa hewa mgongoni na kuingia chini ya meli. Kamba imejizungusha kwenye pangaboi lile linaloisukuma meli, nanga imekwama, wao ndio wanaozama kwenda kufungua. Na chini kule ni giza. Kwa hiyo saa zao zilitengenezwa kwa namna yake: nene, kioo kinene, juu ina pete inayozunguka ya kuhesabia dakika, na zile doti za kuonyesha saa, pamoja na mishale yenyewe, zimejazwa dawa inayong'aa gizani.

Dawa hiyo inazeeka kama mimi na wewe. Ikiwa mpya ni nyeupe. Ikikaa miaka mingi inakuwa rangi ya samli. Ikizidi kukaa, inakuwa asali. Na kung'aa kwenyewe kunakwisha. Unaipeleka gizani, unakodoa macho, kimya. Lakini wanaozipenda saa hizo, wapendwa, wanazitaka hivyo hivyo, zimezeeka zenyewe bila kuguswa. Ukipaka dawa mpya wanasema umeiharibu. Wana maneno mawili tu: hii ni halisi, hii si halisi. Na Tanga nzima, mwenye kulitamka neno hilo likakubalika alikuwa Eliezeri.

Alikuwa na lenzi anayoibana jichoni na taa ndogo yenye mwanga wa zambarau. Anaimulika saa, anazima, anahesabu kimoyomoyo. Dawa mpya hunywa ule mwanga na kubaki ikiwaka. Dawa kongwe huwaka kidogo na kufa pale pale. Halafu anatazama kama rangi ya doti na rangi ya mishale ni moja, kwa maana zilizaliwa siku moja, zilitakiwa zizeeke pamoja. Humdanganyi. Wapo waliojaribu kuzeesha dawa mpya kwa majani ya chai. Aliwarudishia saa zao na kuwaambia, "Inanukia vizuri, lakini si halisi."

Sasa siku moja chama cha wastaafu wa bandari kikajenga ukumbi wao mdogo, na ndani wakaweka kabati la kioo la kumbukumbu. Wakasema, humu tutaweka helmeti moja, mtungi mmoja na saa moja ya mzamiaji, na jina la mwenye saa tutalichora kwenye kibao cha shaba, wajukuu waje walisome. Zikaletwa saa tatu. Saa tatu, nafasi moja. Katibu wao, mama mmoja mkali wa kazi, Bi Chamungwana, akasema, "Hatutaki maneno. Twendeni kwa Eliezeri apime. Iliyo halisi ndiyo itakayokaa."

Wakaenda. Wazee watatu, wamevaa mashati ya Jumapili siku ya Jumatano.

Saa ya kwanza iling'aa mpaka ikatia aibu. Eliezeri akaimulika, akazima taa, ikaendelea kuwaka kama jicho la paka. Akasema, "Mzee wangu, uso mzima umepakwa upya. Hata maandishi yamenenepa." Mzee akacheka, akaivaa, akaridhika.

Saa ya pili ilikuwa ya Bwana Mbaruku, aliyekuwa msimamizi wa zamu. Eliezeri akakaa nayo muda mrefu. Doti asali, mishale asali, kioo hakina hata mkwaruzo. "Hii ni halisi," akasema. "Kila kitu ni chake." Bwana Mbaruku akaegemea kiti.

Ya tatu ilikuwa ya Mzee Hoza. Mzee Hoza alikuwa amepita miaka themanini, mrefu, mikono mipana, anasikia kwa sikio moja. Akaivua saa mkononi taratibu, akaiweka juu ya kitambaa cha fundi. Eliezeri akabana lenzi. Akainua kichwa haraka, kwa sababu kosa lilionekana mapema.

"Uso ni wenyewe," akasema. "Huu uso ni mzuri kuliko zote tatu. Lakini mishale, hapana. Bi Chamungwana, njoo uone. Doti zina rangi ya asali, mishale ina rangi ya samli. Imejazwa upya baadaye. Tena tazama ilivyojazwa: hapa imevimba, hapa imepungua, hapa imemwagikia ukingoni. Aliyefanya hivi hakuwa fundi."

Mzee Hoza akainamisha kichwa upande wa sikio zima. "Umesemaje, mwanangu?"

"Nimesema aliyejaza mishale hii hakuwa fundi, mzee."

"Ni kweli," akasema Mzee Hoza. "Alikuwa anajifunza."

Bi Chamungwana akaandika kwenye karatasi yake. Saa ya Bwana Mbaruku, halisi. Saa ya Mzee Hoza, si halisi. Eliezeri akatia sahihi.

Nawauliza, wapendwa. Fundi alikosea? Nyie mnaotingisha vichwa kule nyuma, alikosea wapi? Hakukosea. Mishale ilijazwa upya, kweli. Ilijazwa vibaya, kweli. Mkono uliojaza ulikuwa wa mtu asiyejua, kweli kabisa. Nataka jambo hilo liwakae. Mtu anaweza kusema kweli, kweli tupu, na bado hajui hata kidogo anachokisema.

Wenzake wakaondoka. Mzee Hoza akabaki mlangoni. Akasema, "Mwanangu, hukumu imekwisha, na sina neno nayo. Sasa nisaidie jambo moja. Ile doti ya juu kabisa inacheza. Nikiitikisa saa naiona inatetemeka. Usiipake upya. Ishikize tu isianguke."

Eliezeri, kwa kuwa alikuwa mtu mwema na moyoni alimwonea huruma yule mzee, akasema, "Niachie mpaka Ijumaa. Nitaifanya kwa mkono wangu."

Kesho yake asubuhi akazima feni, akajifunga kitambaa puani, kwa sababu dawa hiyo kongwe ina sumu, ukivuta vumbi lake umejitafutia. Kuishikiza doti kunataka uutoe uso wote nje, na kuutoa uso kunataka ufungue saa kwa nyuma. Akaufungua mgongo. Jana alipima kwa nje tu, mnaona? Kwa lenzi na taa. Hakukuwa na haja ya kufungua.

Mafundi wa saa wana desturi moja. Akifungua saa ya mtu, kabla hajaifunga, anakwaruza alama yake ndogo kwa ndani ya kile kifuniko, pamoja na tarehe. Mwenye saa haioni maisha yake yote. Wanaiona mafundi watakaokuja baadaye. Eliezeri akakigeuza kifuniko kwenye mwanga wa dirisha. Kulikuwa na alama moja tu. Herufi S imeiegemea M, kama mtu aliyechoka anavyoegemea ukuta. Na tarehe: kumi na nne, mwezi wa tatu, mwaka sabini na moja.

Alama hiyo aliijua. Ameiona kwenye saa mia, saa elfu. Ilikuwa alama ya Stefano Mhina, baba yake.

Akakisogeza kifuniko karibu zaidi na dirisha, akaisoma tarehe tena. Maana hesabu hazikukubali. Baba yake alifungua duka mwaka sabini na tatu. Kabla ya hapo, yeye alichosikia ni kwamba baba alikuwa "bandarini", akadhani labda ni karani, anashika daftari la mizigo. Baba mwenyewe hakuwahi kulisimulia. Tena alikuwa mtu asiyependa maji. Watoto wakienda Raskazone kuogelea sikukuu, yeye anabaki juu barabarani na mgongo ameupa bahari. Eliezeri alikua akidhani ni majivuno.

Ndipo neno lake la jana likamrudia masikioni. Aliyefanya hivi hakuwa fundi. Alimsema baba yake mzazi, mbele za watu, akatia na sahihi.

Akafunga duka, akaenda nyumbani. Mama yake, Mama Debora, alikuwa hai bado, amekaa barazani anachambua mchele kwenye ungo. Eliezeri hakusalimia vizuri hata. Akakiweka kile kifuniko kwenye kiganja cha mama.

"Mama, hii ni alama ya baba?"

Mama hakuwa na miwani, lakini akapitisha kidole juu yake. Kidole kikaenda, kikarudi. Akauweka ungo chini.

"Saa ya Hoza umeipata wapi?"

"Umejuaje kama ni ya Hoza?"

"Mwanangu," akasema, "baba yako alirudia mishale miwili ile kwa siku tisa. Anajaza, inaharibika, anakwangua, anajaza tena. Ilikuwa kazi yake ya kwanza. Nitasahau vipi?"

Na Mama Debora akamweleza mwanawe, kwa mara ya kwanza, kisa ambacho mumewe alimwomba asikiseme akiwa hai.

Stefano alikuwa mzamiaji. Yeye na Hoza walikuwa jozi, wanazama pamoja. Mwezi wa nane mwaka sabini, meli moja ilikuwa imenaswa na kamba nene kwenye pangaboi. Wakashuka wawili. Walipoanza kukata, tope la chini likatibuka, maji yakawa meusi, mtu haoni kiganja chake. Kitu pekee kilichoonekana ilikuwa saa mkononi mwa Hoza, zile doti na ile mishale miwili. Na kanuni yao ilikuwa moja, ngumu: mshale mrefu ukifika kwenye alama ya pete, unapanda juu. Hewa uliyobakiwa nayo ni ya kupandia tu. Awe mwenzako amemaliza, awe hajamaliza, unapanda.

Ile kamba ilipokatika upande mmoja ikarudi kwa nguvu, ikamzunguka Stefano mguu na mtungi, ikambana kwenye chuma. Hoza akapapasa, akamkuta. Akaanza kukata. Anakata, anatazama saa. Anakata, anatazama saa. Mshale ukafika kwenye alama.

Wapendwa, nyumbani Hoza alikuwa na mke mjamzito. Angepanda, hakuna ambaye angemlaumu. Kanuni ilimruhusu. Hata Stefano, alivyokuja kumwambia mkewe, alikuwa amekwisha kumsukuma kifuani, maana yake nenda, nenda ndugu yangu.

Hoza hakwenda. Mtungi wa Stefano ulipokwisha, akautoa mpira wa hewa kinywani mwake, akamtia mwenzake. Pumzi moja kwako, pumzi moja kwangu. Mkono mmoja unagawa hewa, mkono mmoja unakata kamba. Ile saa ikagonga kwenye chuma mara nyingi mpaka kioo kikapasuka, maji ya chumvi yakaingia, dawa ya kwenye mishale ikamomonyoka. Mishale ikazimika, saa ikawa haisomeki tena. Akaendelea kukata gizani.

Wakatoka. Wote wawili wakitema damu. Sikio la Hoza la kushoto halikurudi tena. Mapafu ya Stefano yakaharibika, daktari akamwambia maji basi, maisha yako yote. Na siku ile, hapo kanisani kwao, tangazo la ndoa ya Stefano na Debora lilikuwa limesomwa mara mbili, bado la tatu ndipo wafunge ndoa.

"Alipopata nafuu akaenda kwa fundi mmoja mzee pale sokoni," mama akasema, "akamwomba amfundishe saa. Fundi akamuuliza, kwa nini saa? Akamwambia, kuna moja nimeiharibu, nataka niitengeneze. Hoza alikuwa ameambiwa anunue mishale mipya, akakataa. Alimsubiri baba yako miezi saba ajue kazi." Kisha Mama Debora akamtazama mwanawe. "Wewe umezaliwa mwaka gani?"

"Sabini na mbili."

"Haya," mama akasema. "Hesabu."

Nanyi hesabuni pamoja naye. Kama Hoza angepanda mwezi ule wa nane, hakuna tangazo la tatu. Hakuna harusi. Hakuna Eliezeri. Hakuna duka, hakuna lenzi, hakuna fundi wa kusema hii halisi, hii si halisi. Ile kasoro aliyoiona kwenye mishale ndiyo sababu ya yeye kuwa na jicho la kuionea!

Jioni ile ile, jua halijazama, wakaenda Mikanjuni kwa Mzee Hoza, mama na mwana. Wakamkuta anagongelea mbao kwenye banda la kuku. Mama Debora akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akainama, akaulaza paji la uso juu yake. Mzee akasema, "Aa, Debora, mikono ina kinyesi cha kuku hii." Lakini hakuutoa.

Eliezeri akamwambia, "Baba, ulijua mimi ni mtoto wa Stefano?"

"Nilijua tangu ulipokuwa unacheza gololi nje ya duka la baba yako. Una masikio yake."

"Mbona jana hukusema?"

"Nikuambie nini? Nikuambie, pima vizuri kwa sababu mimi nilimtoa baba yako majini? Ungeipima saa, au ungenipima mimi? Wewe ulisema kweli. Stefano angefurahi. Yeye mwenyewe alikuwa anasema, Hoza, nikiwa fundi kamili nitairudia mishale hii. Nikamwambia ukiigusa tutagombana."

"Nimesema hakuwa fundi, baba. Mbele ya watu."

"Si nilikujibu? Nikasema alikuwa anajifunza." Mzee akaketi juu ya ndoo. "Sikiliza. Mimi sikuja dukani kwako kwa ajili ya kibao cha shaba. Watu wa chama ndio walionisukuma. Mimi nilikuja kwa ile doti. Nikasema aliyejaza mishale hayupo, lakini mwanawe yupo, na macho yangu yanaondoka. Nilitaka nione mtoto wa Stefano ameishika hii saa mkononi, basi. Nikishaona, nimeshukuru."

Mmesikia? Aliyetoa pumzi yake ndiye anayesema ameshukuru! Na Eliezeri akalia pale kwenye banda la kuku, mtu mzima mwenye mvi, na mama yake akamwacha alie.

Ijumaa akamaliza kazi. Aliishikiza ile doti kwa tone la gundi dogo kuliko kichwa cha siafu, na mishale hakuigusa. Halafu akaenda kwa Bi Chamungwana, akaomba ile karatasi. Bi Chamungwana akamwambia, "Fundi, usinichanganye. Umebadilisha hukumu? Saa ni halisi au si halisi?"

"Sibadilishi," akasema Eliezeri. "Naimalizia. Niliandika nusu."

Akachukua kalamu. Ikasomeka hivi: Saa ya Mzee Hoza. Uso ni wenyewe. Mishale imejazwa upya mwaka 1971 na Stefano Mhina, mwanafunzi wa ufundi, ambaye mwenye saa hii alibaki naye chini ya maji muda wa kupanda ulipokwisha. Aliyeipima ni mtoto wa Stefano.

Siku ya kufungua ukumbi Bi Chamungwana aliisoma karatasi hiyo kwa sauti. Ndipo Bwana Mbaruku, mwenye ile saa halisi kila kitu, akasimama mwenyewe bila kuitwa. Akasema, "Ndugu zangu, saa yangu haijawahi kulowa. Niliivaa kwenye harusi. Itoeni mle kabatini, ingizeni ya Hoza." Watu wakapiga makofi, na Mzee Hoza akakubali iwekwe mwezi mmoja tu, kisha arudishiwe, kwa sababu, alisema, bado ana mambo ya kuwahi.

Huo ndio mfano wangu.

Sasa sisi. Tuna lenzi, wapendwa. Hakuna watu wenye lenzi kama sisi wa kanisani! Huyu wokovu wake ni halisi, yule si halisi. Huyu sala yake ndefu ya kuonekana, yule anakuja na kanga iliyopauka, yule mtoto wake hakubatizwa kwa wakati. Tunamulika kwa nje, tunazima taa, tunahesabu. Na mara nyingi, nakiri, tunasema kweli. Mishale imejazwa vibaya, ni kweli. Ila hatukufungua. Hatujui ni nani alibaki chini na nani ili sisi tuwe hai leo, na vidole vya kunyooshea wenzetu.

Maana kila mmoja humu ana mtu aliyebaki. Wengine mnamjua. Wengine alijinyamazia, akaenda zake shambani, mkakua mkidhani mmekua wenyewe. Na juu ya wote yupo Bwana wetu, ambaye saa ilipofika alikuwa na ruhusa yote ya kupanda, asipande. Shukrani ya mavuno inaanzia hapo. Haianzii kwenye mahindi.

Nilitaka kuishia hapo, lakini nitakuwa mwongo nikishuka madhabahuni bila kusema jambo langu.

Jumanne kaka yangu mkubwa alinipigia simu kutoka Korogwe. Tukaongea habari za mama yetu marehemu, ndipo akaniambia kitu ambacho kwa miaka arobaini na moja sikukijua. Mnajua mimi nilizaliwa Kicheba. Nikiwa na miaka tisa malaria ilinipanda kichwani, baba hayupo, mama ana kichanga, mvua za masika zimekata barabara. Nilidhani siku zote ni mjomba aliyenifikisha hospitali. Kaka akasema, mjomba alikuwa wapi? Aliyekubeba ni binti wa jirani. Alikubeba mgongoni kwa miguu, tope mpaka magotini, saa tano nzima. Akateleza kwenye daraja la miti, akaumia nyonga, akasimama, akaendelea na wewe. Alipokufikisha akarudi kwao, hakumwambia mtu. Nikamuuliza, yuko wapi dada huyo? Akanijibu, kwani hujui? Si yuko hapo hapo Muheza, anasali kwako.

Mama Mntambo. Kiti cha tatu upande wa dirisha.

Mwezi uliopita nilisimama mahali hapa nikawasema watu wanaochelewa ibada. Nilisema kwa ukali, mnakumbuka. Nikasema kuna watu kila Jumapili wanaingia wimbo wa pili, wanaburuza miguu, hawana heshima na nyumba ya Bwana. Sikutaja jina, lakini nilikuwa nakutazama wewe. Nilisema kweli, ulichelewa. Na ile nyonga unayoiburuza uliiumiza kwa ajili yangu.

Mama, naomba usimame kanisa likuone.

Hapana. Hapana, kaa, mama yangu, usihangaike. Kaa hapo hapo.

Nakuja mimi.